Zambarau Kwenye Kanzu ya Idd

Ijumaa iliyopita nilitoka Soko la Burma hapa Nairobi na nyama yangu imefungwa kwenye karatasi, nikamkuta mama mmoja kando ya barabara ameketi na karai la zambarau. Zambarau, rafiki yangu! Zimeiva mpaka zimekuwa nyeusi, zinang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu asubuhi. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Dandora, nimekaa Umoja, nimefika Mombasa nikarudi, na sasa niko Tassia, ghorofa ya juu kabisa. Lakini popote nilipo, nikiona zambarau miguu husimama yenyewe.

Nilifika nyumbani, na binti yangu hakungoja hata kuvua sare ya shule. Alikula akicheka, ulimi umekuwa wa zambarau, na moja ikamponyoka ikatua kifuani, kwenye shati jeupe. Mke wangu akalivua lile shati haraka, akaenda nalo bafuni akafungua chupa ya ile dawa kali ya kutoa madoa. Bafu letu halina dirisha. Kabla hajamimina tone moja, binti yangu alianza kukohoa kule sebuleni, kile kikohozi chake cha kubana kifua ambacho tangu azaliwe hutufanya tuache tulichoshika.

"Funika hiyo chupa!" nikasema.

Mke wangu akafunika, akachukua sabuni.

"Na sabuni usiguse!"

"Sasa baba, umeshikwa na nini leo?" akaniuliza. "Doa nilitoe na mate?"

Nikabaki nacheka mwenyewe mlangoni pa bafu, kwa sababu akilini nilikuwa nimeshaiona kanzu moja ya utotoni mwangu.

Ngoja nikurudishe nyuma. Nikiwa mtoto tuliishi kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili, nyumba za chini zenye vigae vyekundu, zimepangwa mstari mmoja na mbele yake nyasi. Nyuma kulikuwa na karo la saruji la kufulia, la watu wote, na mpaka wetu na barabara ulikuwa ua wa kayaba wenye miiba mirefu. Shosho, nyanya yangu, alinilea hapo. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa msichana, na Kiswahili chake kilibeba Kikuyu mgongoni, lakini hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa, hasa akiwa amekasirika.

Jumamosi nyumba yake ilikuwa kiwanda. Sufuria zilisuguliwa kwa jivu la jikoni, na ganda la ndimu lililokwisha kukamuliwa ndilo lililokuwa kitambaa cha kusugulia. Kelele yake, chwaka chwaka chwaka, ilianza nyumba ya kwanza ikafika ya mwisho, na redio ya jirani ikijaribu kushindana nayo bila kuweza. Vioo vya dirisha vilipanguswa kwa maji na gazeti kuukuu mpaka ndege wakawa wanavigonga. Soksi zetu, ambazo hazikuwa na rangi ya kutajwa, zililowekwa kwenye maji moto yenye magadi, yale yale magadi ya kuivishia githeri ya mahindi na maharagwe. Vikishafuliwa, vitu vyeupe vilitandazwa juu ya nyasi vikiwa bado vinachuruzika, ili jua livifanyie kazi. Usiku ukilala, shuka lilinukia nyasi. Mpaka leo sijui harufu nyingine inayonipa usingizi haraka hivyo.

Ile dawa kali ilikuwa imeshafika dukani, lakini kwa Shosho haikuvuka kizingiti. "Kitu kinakuchoma macho ukiwa nje," alikuwa akisema, "ukikiingiza ndani kitakuchoma wapi?"

Basi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama Mwislamu, mkewe dereva wa lori. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, na wote tulikuwa tunaungoja mwezi, hata sisi wa kanisani, maana mwezi ukionekana, pilau itavuka ukuta. Asubuhi hiyo yule mama alifua kanzu ya mumewe. Hiyo kanzu ilivaliwa kwanza na baba wa yule dereva, na alipofariki ikabaki kwa mwanawe. Darizi yake ya kifuani ilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi ya asali. Haikutoka sandukuni ila siku ya Idd, na usiku ule dereva mwenyewe angefika kutoka safarini, akitarajia kuivaa kesho yake kwenda kuswali.

Yule mama akaitandaza juu ya ua wa kayaba. Kila mtu alifanya hivyo, kwa sababu miiba ilishikilia nguo vizuri isipeperushwe, na kamba ingeacha alama mabegani. Lakini huo ulikuwa msimu wa zambarau. Mti mkubwa wa zambarau ulikuwa pale pale kwenye kona, na ndege walikula huko wakaja kupumzika kwenye ua. Msimu huo nguo nyeupe haikuachwa peke yake hata kidogo. Yule mama aliketi kuilinda, lakini alikuwa ameamka kwa ajili ya daku, jua likawa tamu, akasinzia.

Tulisikia ukelele. Tukatoka sote mbio. Kifuani mwa kanzu, kando kabisa ya darizi, kulikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa kiganja. Masikini, alikuwa ameshalikimbilia kwa sabuni ya kipande, akasugua kwa nguvu zake zote, na doa badala ya kufifia likageuka buluu, kama mtu aliyemwaga wino.

"Ya Allah, nimeiua! Nimeiua kanzu ya mzee!" akawa analia, huku sabuni bado iko mkononi.

Mwenye duka alikuja anakimbia na chupa yake. "Tumieni hii! Hii ni ya kisasa. Kidogo tu, doa limeenda."

"Na hiyo darizi inaenda nalo?" Shosho akamuuliza. Alikuwa ametoka na aproni yake, mikono imejaa jivu. "Weka chini. Njoo ushike hapa."

Rafiki yangu, laiti ungekuwapo! Shosho aliisuuza ile kanzu kwa maji baridi mpaka sabuni yote ikatoka. Kisha akakata ndimu, akaikamulia juu ya doa, akanyunyizia chumvi. Na mbele ya macho yetu ile buluu ikaanza kugeuka. Ikawa zambarau tena, kisha nyekundu, kisha waridi. Watoto tulipiga kelele kama tuko uwanjani na timu yetu imefunga bao. Yule mama aliacha kulia katikati ya kwikwi, mdomo wazi.

"Bado," Shosho akasema. "Birika!"

Beseni likawekwa chini, kando ya karo. Kitambaa chenye doa kikatandazwa juu yake kama ngozi ya ngoma, na watu wazima wakashika pembe: yule mama, shangazi yangu, mama mboga wa nyumba ya kona, na mwenye duka, ambaye ndevu zake zilikuwa zinatetemeka. Sisi watoto tulifukuzwa mbali. Shosho akapanda juu ya karo, mzee vile, akainua birika linalotokota juu ya kichwa chake.

"Vuteni! Akilegeza mtu, namchoma!"

"Shosho, mimi bado sijaoa!" mwenye duka akalia.

"Na hutaoa ukilegeza!"

Maji yakashuka kutoka juu kama kamba nyembamba ya fedha, yakapiga kwenye doa, mvuke ukapanda, na chini ndani ya beseni tukaona maji yanakuwa ya waridi. Akamimina tena. Na tena. Harufu ya ndimu ilijaa hewani mpaka waliofunga wakageuza uso pembeni. Alipomaliza, kanzu ilikuwa nyeupe, na darizi iko vile vile, asali tupu. Ilibaki alama moja hafifu kando ya mshono, kama chai iliyokauka. Tukaitandaza juu ya nyasi, na kila mtoto akapewa kijiti. Hakuna ndege aliyethubutu kupita juu ya mtaa ule mchana huo. Nadhani hata ndege wa Uganda walipata habari.

Mwezi ulionekana. Asubuhi dereva alitoka amevaa, akasimama mlangoni akijinusa bega. "Jamani, kwa nini leo nanukia kachumbari?" Mkewe akacheka mpaka akalia tena. Pilau ilivuka ukuta, na kaimati za shira zilikuja kwenye sahani ya Shosho peke yake, iliyofunikwa kwa kitambaa. Tangu mwaka huo, kila Idd yule dereva alikuwa akija mlangoni petu, anaishika kanzu pale kwenye mshono na kutuonyesha ile alama. "Sahihi ya Shosho," anasema, na Shosho anajifanya hasikii.

Basi ndivyo nilivyojikuta Ijumaa jioni juu ya paa la ghorofa yetu ya Tassia, na birika, na beseni, na ndimu. Mke wangu ameshika pembe moja, binti yangu anatazama kwa mbali, na kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa muda wote tulioishi pale tulikuwa tumeambiana "habari" tu, anaanua nguo zake.

"Samahani, mama. Unaweza kutushikia hapa?"

Alitutazama kama tumerukwa na akili. Kisha akashika. Nilipopanda juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa na kuinua birika, nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu: "Vuteni! Akilegeza mtu, namchoma!" Na yule mama, ambaye sikujua hata kama anajua kucheka, alicheka mpaka shati likatikisika. Maji kwenye beseni yakawa ya waridi. Binti yangu aliruka juu na chini akipiga kelele, na hakukohoa hata kidogo.

"Sasa tunalitandaza wapi, baba?" akauliza.

Nikageuka kutazama. Saruji, matangi ya maji, waya za nguo, na mapaa mengine mpaka macho yanaposhindwa. Ule mtaa wetu umebomolewa, ghorofa zimepanda juu yake. Kayaba imeng'olewa na mzambarau ukakatwa, na Shosho tulimrudisha Murang'a kumzika zamani. Tukalibana shati kwenye waya, binti yangu akakaa chini yake na kijiti nilichomtafutia, akilinda, ingawa hakukuwa na ndege hata mmoja.

Siku ya pili nililitoa kwenye waya nikalinusa. Ndimu ipo. Jua lipo. Nyasi tu ndizo zilizokosekana, nikabaki nimelishika puani kwa muda, nikizitafuta.