Bega Langu na Mkono wa Mama Kulwa

Harufu ya samli iliyochanganyika na moshi wa zizi ndiyo harufu ya imani yangu, na nyie msinicheke. Wengine ukiwatajia kanisa wanakumbuka ubani, mimi nakumbuka mikono ya Mama Kulwa. Alikuwa jirani yetu Litapunga, Msukuma aliyehamia na mume wake na ng'ombe wengi kuliko watu wa kitongoji chetu. Sisi Wakonongo tulikuwa na mahindi, karanga na maneno, na kwenye maneno mimi ndiye nilikuwa tajiri. Katekista alishashindwa na mimi. Nilimuuliza kama Roho Mtakatifu ni njiwa, yule paka wa parokiani anafugwa wa nini, akanitoa nje. Ndipo mama akaenda kumwomba Mama Kulwa anilee kiroho, anisimamie kwenye kipaimara.

Mama Kulwa hakuwa na daftari wala benchi. Alinifundishia zizini asubuhi, huku anakamua. Chuchu ya kwanza ni ya kushukuru, ya pili ya kuomba msamaha, ya tatu ya kuwaombea wengine, ya nne ndiyo yako mwenyewe. Mimi kila siku nilianzia ya nne, naomba viatu. Ng'ombe anarusha teke, maziwa yanamwagika, Mama Kulwa anacheka mpaka anashika mgongo. Hata ng'ombe anakujua, ananiambia, rudi ya kwanza. Taratibu nikazoea. Nilifika mahali nikawa namwombea hadi mwalimu wa hesabu, na yule mtu alikuwa na fimbo isiyochoka. Tukimaliza aliniwekea mkono wake wa kulia begani, mzito, una mafuta, kama msimamizi anavyofanya askofu akimpaka mtoto mafuta, tukafanya mazoezi ya siku hiyo. Gauni langu likabaki na alama ambayo sabuni haikuitoa, na sikutaka itoke.

Kiangazi kile majani yakaisha. Mume wake akaamua wahamishe ng'ombe, washuke upande wa Kapalamsenga, ziwani. Asubuhi ya kuondoka aliniita pembeni, ng'ombe wameshatangulia, vumbi limejaa.

“Kwaresima ikiisha nakuja, siku ileile aliyotutangazia katekista. Bega lako usimpe mtu.”

Nikamwambia nitalifunga kufuli. Akacheka, akaondoka.

Kisha askofu akabadilisha ratiba, akaja mapema. Walikohamia kina Mama Kulwa simu haikushika. Baba alimtuma dereva wa lori la mchele, tukasali, lori likaharibika njiani. Siku ilipofika nikapangwa kwenye mstari bega likiwa tupu, nageuka nyuma kila mlango ukilia, mpaka katekista akamsukuma mama mmoja wa kwaya anisimamie. Mkono wake ulikuwa mwepesi, unanukia sabuni ya kipande. Askofu akanipaka mafuta ya krisma, nikaitikia “Amina” kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake.

Mama Kulwa alifika siku aliyoahidi. Kanisa limefungwa, yeye amekaa kwenye ngazi, miguu imevimba, kibuyu cha samli mapajani. Nilikimbia nikamgeuzia bega, nikasema, weka sasa hivi, nani atajua. Alinitazama sana. Akanirekebishia kola ya gauni, mkono wake haukufika begani.

“Imeshapita, mwanangu. Haiwekwi mara mbili.”

Akalala kwetu, asubuhi akarudi kwa mume wake. Tulisikia wamehama tena. Baada ya hapo hatukusikia kitu.

Siku hizi nipo Mpanda mjini, nakaanga chipsi, naishi Misunkumilo. Kanisani naenda kwenye harusi, maana kuna pilau. Juzi binti wa jirani, mdomo wake kama wangu wa zamani, ameniomba nimsimamie kipaimara. Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa ndimu, mkono unanuka mafuta ya jana. Nilipomwekea begani kujaribu, akakunja pua.

“Dada, unanuka chipsi.”

Nikacheka. Mkono wangu ulikaa pale hauna uzito wowote. Akataka nimfundishe kusali, nikamnyooshea vidole vinne, maana ng'ombe hatuna. Cha kwanza nikatafuta neno, cha pili, cha tatu, mtoto ananingoja. Nikamwambia tuanze na cha nne, omba vya kwako. Akafumba macho upesi, akaomba viatu. Na mimi nikafumba. Nikakamua kidole changu cha nne, nikakamua, hakikutoka kitu.