Mashine Iliyosoma Upande Mmoja

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, si kalamu. Karani Mkuu wa kampuni ya mbegu hapo Kitale aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne. "Basi utapanguza mafaili," akasema. "Na usitupe karatasi hata moja. Mbele ikijaa, nyuma iko."

Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja ya manjano: jina la mkulima, namba ya shamba, ekari, aina ya mbegu atakayotulimia, sahihi. Chumba cha mafaili kilikuwa na dirisha moja linaloangalia Mlima Elgon. Asubuhi ukungu ukishuka, ningeapa karatasi zinapumua. Nilizijua kwa harufu. Za Kapsokwony zilinuka moshi, za Moi's Bridge zilinuka gunia. Mkulima akifa hatukuandika mkataba mwingine. Tuligeuza ule ule, mjane akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza nyuma, nami nikaandika jina lake kando. Wakati huo nilikuwa nimeshapewa kalamu.

Miaka ya elfu mbili nikahamishiwa ofisi ya Bungoma, na huko ndiko kompyuta ilinikuta. Fundi wa Kompyuta alitoka Nairobi kuja kuiset programu isome mikataba yenyewe. Kuiset ni kuifundisha. Skana inapiga karatasi picha, halafu unaiambia programu: ukiona neno "Mkulima", chukua kinachofuata, weka kwenye orodha. Ukiona "Ekari", chukua namba. Fundi alichora visanduku kwenye skrini kama mtu anayepima viwanja, mimi nikimwonyesha fomu ya zamani iliweka nini wapi. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, polepole, moja baada ya lingine, na wote nawajua. Nililewa. Nikasahau kuuliza habari ya nyuma ya karatasi. Kosa lilikuwa langu.

Msimu wa kupanda ukafika, nikatumwa pamoja na Afisa wa Shamba kugawa mbegu kwenye stoo ya Kimilili. Afisa akasoma orodha mpya. "Wekesa Barasa!" Akarudia, "Wekesa Barasa!"

"Mwite kwa nguvu bana, labda amelala!" mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Mama Nasimiyu, mjane wa Wekesa, akasogea mbele. "Huyo ako chini ya migomba mwaka wa tatu. Mimi ndiye nalima."

"Mama, hii imetoka kwa kompyuta. Jina lako haliko."

"Si mimi huyu unaniona?"

"Nakuona. Kwa orodha hauko. Jina lisiloitikiwa mpaka Ijumaa linakatwa, mbegu inapewa mwingine."

Mama Nasimiyu hakubishana naye. Akanigeukia mimi. "Wewe si ndiye ulinishika kidole?"

Nilirudi Bungoma nikatoa faili lake, nikamwekea Fundi karatasi mezani, uso chini. "Piga huku." Akapiga. Picha ikatoka karibu nyeupe tupu, mwandiko wangu umebaki kidogo, kidole hakuna.

"Shosho," Fundi akaniita kama bibi yake, "programu inasafisha madoa kabla ya kusoma. Imeona ni uchafu."

"Hilo doa ni mtu."

Meneja alisikia sauti yangu akatoka ofisini. "Mama Wanjiru, kazi yako ni mafaili."

"Ndiyo, bwana Meneja. Na faili lina pande mbili."

"Zilizoandikwa nyuma ni ngapi?"

"Sijui. Ndiyo maana tuzigeuze."

Akaangalia karatasi, akaangalia skrini, akarudi ndani. Fundi akavuta kiti. Akaiset upya: skana ipige pande zote mbili, upande wa nyuma usisafishwe, na karatasi yenye alama yoyote huko isipite mpaka mtu aitazame kwa macho. Mtu huyo alikuwa mimi. Siku tatu nilikaa mbele ya kile kioo, vidole vikipita kama mbegu kwenye ungo, kila kimoja na mistari yake, nami nikitaja jina, Fundi akiliandika.

Barua yangu ya kustaafu ilipokuja niliigeuza kabla ya kuisoma. Nyuma hapakuwa na kitu. Nyinyi mnaofanya kazi hizi sasa, mashine zenu ni hodari kuliko ile. Lakini zinasoma pale mlipoziambia zisome, basi. Msije mkasema ni zenyewe zilizokosa.

Siku hizi nikisinzia mchana hapa Kitale, ukungu ukiwa bado mlimani, narudi kwenye stoo ya Kimilili Ijumaa ile. Afisa anafungua orodha ya pili. Anasoma, "Nasimiyu Wekesa." Mama Nasimiyu hakusema, "Niko." Aliinua kidole gumba.