Ndengu Katika Kongamano la Usawa

Aibu hii naisema mwenyewe, kwa sababu nikingoja mtu mwingine awasimulie ataitia chumvi mpaka muamini nilipanda juu ya meza nikacheza, na mimi sikupanda meza yoyote. Nilichofanya ni kumwagia kongamano zima la wanasayansi ndengu za moto, halafu nikajikana mbele ya mtu mmoja aliyekuwa ametoka mbali kuja kunisikiliza. Hadi leo nikisikia mtu akitamka "ujumuishaji" masikio yananiwaka moto.

Mimi kwetu ni Ishiara, huko chini Mbeere ambako jua halina huruma na ndengu ndizo zinalipa karo. Utafiti wangu ni wa wale wadudu wanaotoboa ndengu ghalani (wale ambao unafungua gunia unakuta unga na mabawa tu). Nimeolewa Muthara, nimepanga chumba Nchiru, digrii ya pili ninayo, na wakati huo nilikuwa natafuta mtu wa kunilipia ya tatu. Basi chama kimoja cha watafiti (jina nalimeza, sitaki kesi) kikatangaza kongamano kwenye ukumbi fulani wa kukodi huku Meru, kichwa chake kirefu: "Sayansi ni ya Wote: Usawa na Ujumuishaji katika Makongamano Yetu". Nikatuma kazi yangu, ikakubaliwa. Na Profesa mmoja mama kutoka Nairobi, ambaye ana mradi wa mazao ya sehemu kame, akaniandikia kwamba atakuwepo, atasikiliza vijana, atachagua mmoja wa kusomeshwa na mradi, na kwamba alikuwa anakuja kunisikiliza mimi hasa. Hiyo barua pepe nilimsomea mume wangu Mutuma mara nyingi mpaka akawa ananimalizia sentensi.

Sasa mngeiona hiyo kamati ya usawa, wueh! Wanaume watupu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Murungi, mtu wa suti ya bluu na sauti ya kuendesha harusi, ambaye mimi na yeye tulijuana kwa barua pepe tu, hajawahi kuniona kwa macho. Meza kuu, wanaume na chupa za maji. Nyuma yao bango kubwa la msichana mwenye koti jeupe anatazama chupa ya maabara (na hata huyo msichana alikuwa wa kuchorwa). Njia ya viti vya magurudumu waliijenga vizuri, saruji safi kabisa, halafu wakaegesha jenereta juu yake. Kulikuwa na chumba kimeandikwa mlangoni "Akina Mama Wanaonyonyesha", nikachungulia, nikakuta kreti za soda zimejipumzikia. Na kwa sababu Daktari Murungi alikuwa ameahidi wafadhili kwamba jamii itajumuishwa, jamii ilijumuishwa jikoni: wakaitwa akina mama wa kanisa kutoka Muthara waje wapike.

Mmoja wao ni mama mkwe wangu.

Hiyo asubuhi nilifika mapema nimependeza, suti ya kijivu, viatu vya kisigino, slaidi nimeshazituma, na kipindi changu kilikuwa cha mchana. Lango la mbele likawa limefungwa, ati linahifadhiwa kwa mheshimiwa mgeni wa heshima, kwa hivyo mtu wa boda akanishusha lango la nyuma. Na lango la nyuma linapita jikoni. Nikainamisha kichwa, nikaongeza mwendo.

"Mama Kendi!"

Kendi ni binti yangu, amechukua jina la nyanya yake, huyo huyo aliyeniita. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya gunia la waru (viazi, kwa wasio wa huku), kisu mkononi, na wenzake wote wananitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Hamjambo, mama?"

"Hatujambo. Unapita tu hivyo?"

Kama wewe si wa huku huwezi kuelewa uzito wa hilo swali. Kwetu mwanamke akifika kwenye shughuli, iwe harusi, iwe ruracio ya kupeleka mahari, iwe matanga, akute wenzake wanamenya waru na yeye apite bila kushika kisu, atasemwa mpaka wajukuu wake wasemwe. Sasa fikiria ni mkaza mwana, na aliyeketi kwenye waru ni mama mkwe! "Ati kwa sababu amesoma." Nilikuwa nikiisikia hata kabla haijasemwa. Na kumwambia ukweli, kwamba mimi leo ni msemaji huko ndani, niliona ni kama kuwaambia wote kwamba mimi si mtu wa kushinda na wao jikoni. Nikasema acha nimenye waru chache tu, niwanyamazishe, halafu niende zangu. Hiyo ndiyo akili yangu ya digrii mbili ilinishauri.

Koti nikalitundika kwenye msumari, simu ikiwa ndani ya mfuko wake. Nikafungwa leso kiunoni na kitambaa kichwani kwa ajili ya moshi.

Waru zikaisha, nikapewa vitunguu. Vitunguu vikaisha, nikapewa mwiko, ati nina mikono ya nguvu, nikoroge ile sufuria kubwa ya ndengu (ndiyo, ndengu, cheka tu). Akina mama wakaanza wimbo wa kanisa, mimi nikashika sauti ya pili, na nikisema ukweli nilianza kufurahia. Nikamnong'onezea mama mkwe, "Mama, nina kitu kidogo huko ndani baadaye."

"Kitu gani?"

"Kitu tu cha masomo."

"Baadaye ni mbali," akasema. "Usiache zikashika chini."

Na mimi nilimwamini, kwa sababu ni nani hajui makongamano ya huku? Sala peke yake inakula nusu ya asubuhi, halafu kila mtu wa meza kuu asalimie, halafu amsalimie aliyemsalimia. Kumbe siku hiyo mheshimiwa alikuwa anawahi mazishi, na Daktari Murungi akaamua kipindi cha wanawake, ambacho ndicho changu, kivutwe mbele, kabla hata ya chakula, ili mheshimiwa akione kabla hajaondoka. Ujumbe nilitumiwa. Uliingia kwenye simu, simu ikiwa mfukoni, mfuko ukiwa msumarini.

Mama mmoja aliyekuwa amepeleka vikombe akarudi akicheka. "Huko ndani kuna msichana anaitwa wee, Karimi nani, hata hajafika. Wamemwita mpaka wamechoka."

Karimi ni mimi. Hapo jikoni hakuna aliyenijua kwa hilo jina isipokuwa mama mkwe, na yeye alikuwa ameinama anapuliza moto. Mwiko ukaniponyoka. Nikaanza kukimbia bila kukumbuka koti, na hapo ndipo mama mkwe akainua kichwa.

"Unaingia ndani?"

"Ndiyo, mama!"

"Basi usiende mikono mitupu. Beba hii."

Akanipa sufuria ndogo ya ndengu, imejaa hadi mdomoni, inafuka moshi. Mniambie nyinyi, ningekataaje? Nikaibeba.

Niliingia kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, ule ulio karibu kabisa na jukwaa. Kwenye ukuta nikajiona mwenyewe, mkubwa, nimevaa suti ya kijivu natabasamu, picha yangu kwenye slaidi ya kwanza. Chini yake amesimama Daktari Murungi na maikrofoni.

"Sisi nafasi tunawapa hawa akina mama," alikuwa anasema, "lakini si mnaona wenyewe? Hawaji! Kwa hivyo, kwa moyo huo huo wa usawa, nitamsomea huyu dada slaidi zake kwa niaba yake."

Wakapiga makofi. Halafu wakaniona na sufuria, na makofi yakawa maradufu, kwa sababu watu walikuwa wameshindia sala na maji. Mzee mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Afadhali nyinyi mmetukumbuka!"

"Daktari," nikasema, "Karimi ni mimi."

Akatazama picha ukutani. Akanitazama mimi, leso, kitambaa, masizi kwenye shavu. "Mama, maswali yatakuja baadaye. Chakula kiweke pale nyuma."

"Hizo slaidi ni zangu!"

"Tunashukuru sana, mama. Pale nyuma."

Hasira ikanipanda. Nikasema huyu leo atanipa hiyo maikrofoni, nitaweka sufuria hapo hapo kwenye meza yake na nitaongea nikiwa hivi nilivyo. Ningefanya hivyo, nawaapia, kama si kisigino kuingia kwenye waya. Sufuria ikaenda mbele, mimi nikafuata. Ndengu zikaingia kwenye laptopu, zikateremka kwenye suti ya bluu, nyingine zikamfikia mheshimiwa kwenye viatu. Uso wangu pale ukutani ukacheza cheza kidogo, ukazimika.

Halafu Daktari Murungi, huku anajipangusa ndengu mapajani, akachukua maikrofoni (hiyo haikuharibika, bahati yake) akasema, "Naona chakula kimejileta. Tuombe, tukale." Na wakaomba! Mimi bado niko magotini naokota sufuria, wao wamefumba macho wanabariki chakula ambacho nusu yake iko kwenye laptopu.

Foleni ikajipanga pale nilipokuwa. Akina mama walikuwa wameshaingiza sufuria kubwa, na mama mkwe, ambaye hakuuliza chochote, akanipa upawa akasimama kando yangu na wali. Nikapakua. Msiniulize kwa nini. Mkono ulikuwa unafanya kazi peke yake, kichwa kilikuwa kimeganda. Watafiti wakapita mmoja mmoja na kadi zao shingoni zimeandikwa "Sayansi ni ya Wote", hakuna hata mmoja aliyenitazama zaidi ya upawa. Mmoja alilalamika kwamba nimempa mchuzi mwingi.

Halafu nikainua macho na mbele yangu kuna mama wa makamo, nywele fupi zenye mvi, miwani imetundikwa kifuani. Nilimtambua kwa picha zake. Profesa mwenyewe.

"Niongezee kidogo, mama, zinanukia vizuri," akasema. Nikamwongezea. Akasita, sahani mkononi. "Hebu niambie, wewe ni mtu wa hapa. Huyu msichana Karimi alienda wapi? Nimetoka Nairobi kwa sababu yake."

Ilikuwa rahisi tu. Nivue kitambaa, niseme ni mimi. Lakini nilijiona vile nilivyo, ndengu kifuani, masizi usoni, kiatu kimoja sijui kiko wapi, na mdomo wangu ukanisaliti.

"Sijui, madam," nikasema. "Labda amekwama njiani."

"Pole yake. Wengine huwa wanaogopa tu." Akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kuketi.

Kijiko cha wali kando yangu kikasimama. Mama mkwe alikuwa ananitazama, na ndipo nilipojua kwamba ameelewa, yote. Akaendelea kupakua.

Mengine ni ya kuchekesha kama una moyo wa kucheka. Kabla ya watu kuondoka mpiga picha aliombwa apige picha ya wote, na Daktari Murungi akatazama kundi lake la suti akaona litamletea maneno kwa wafadhili, kwa hivyo akaita akina mama wa jikoni waje mbele, na aproni zao, wakapigwa picha, na kila mmoja akapewa cheti kwamba ameshiriki kongamano la kisayansi. Mimi sikupewa. Nilikuwa sijajisajili mlangoni, si niliingilia jikoni? Profesa nilimwandikia baadaye nikamwambia ukweli wote, hata ule upawa. Akanijibu kwa upole kwamba anasikitika, lakini nafasi ilishachukuliwa na kijana aliyekuwepo. Na Daktari Murungi, nasikia, siku hizi anaalikwa huku na huku kueleza kwa nini wanawake hawajitokezi makongamanoni.

Cheti cha mama mkwe kimetundikwa sebuleni Muthara, kwenye fremu, kati ya picha ya harusi yake na kalenda ya kanisa. Kila tukienda kula kwake mimi huketishwa kikiwa mbele yangu. Jumapili moja niliinuka kwenda kumsaidia jikoni akanizuia mlangoni, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu niolewe.

"Kaa," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu kuwapita, mama."

"Na mimi niliona aibu ukinipita. Ningesemwa." Akapangusa mikono kwenye leso, akakitazama kile cheti kana kwamba kimewekwa na mtu mwingine. "Mwaka ujao ukinikuta pale, nipite. Nikikuita, usigeuke."

Nimeapa mbele ya Mutuma na sasa naapa mbele yenu: nitapita. Nitaingilia lango la mbele hata kama mheshimiwa amelala katikati yake, na kisu sishiki, mwiko sishiki, hata wakinisema mpaka kaburini. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mkwe, karibu nilie. Akaitika kwa kichwa, akaniletea chakula mwenyewe, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili kama mgeni.

Zilikuwa ndengu.