Kwa Zeleny Ni Kushoto au Kulia?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la njano la shule linatoka Lindholm kuelekea Vlasta. Milo Kostal ameshika usukani, kikombe cha kahawa amekibana mapajani. Nyuma yake wavulana sita wamelala midomo wazi, mabegi ya mazoezi yakiwa miguuni. Nje ni mahindi tu, kushoto mahindi, kulia mahindi.

Basi likifika penye banda jekundu la familia ya Zeleny, Milo anapiga honi. Wavulana wanakurupuka.

"Kocha, bwana! Si tulishakusamehe?" analalamika mmoja, akivuta kofia kufunika macho.

"Mlinisamehe jana. Leo ni leo," anajibu Milo, na safari inaendelea.

Honi hiyo ina kisa chake, na bila kisa hicho Ijumaa ijayo uwanja wa Vlasta ungekuwa malisho ya panzi.

Milo ana umri wa miaka 59. Mchana anafundisha wavulana na wasichana kuchomelea vyuma katika karakana ya shule ya sekondari ya Vlasta, hapa Nebraska. Jioni ni kocha wa futiboli, ule mpira wetu wenye umbo la yai, wa kubeba kwapani na kukumbana vifua. Posho ya ukocha, anasema mkewe Arlys, haitoshi kununua tairi la mbele la trekta.

"Na la nyuma usiulize," anaongeza Milo.

Zamani Vlasta ilichezesha watu kumi na mmoja. Mashamba yakawa makubwa, familia zikawa chache, timu ikashuka kwenye ligi ya watu wanane. Mwaka huu hata hao wanane hawakupatikana. Vlasta ilibaki na wavulana saba wa kuvaa kofia ngumu. Lindholm, mji wa jirani, ilikuwa na sita.

Hesabu hiyo haihitaji profesa. Kamati za shule mbili zilikutana msimu wa baridi, zikakubali timu moja. Jambo lililochukua muda lilikuwa rangi ya jezi, maana hakuna mtu wa Vlasta aliyekuwa tayari kumwona mwanawe amevaa kijani, wala mtu wa Lindholm aliyetaka nyekundu. Ikapita rangi ya kijivu. Haikumpendeza mtu yeyote, ndiyo maana ilipita.

Msomaji asiyetoka huku aelewe kwamba miji hii miwili haikuwa na uhasama wa kutishana. Ilikuwa na uhasama wa mezani, wa kukumbushana mechi za zamani. Mzee Verner Ekdahl wa Lindholm, kwa mfano, hajakanyaga uwanja wa Vlasta tangu mwaka ule mwamuzi alipokataa alama za mwanawe sekunde ya mwisho.

"Mguu ulikuwa ndani ya mstari," anasema hadi leo, bila kuulizwa.

Sasa mjukuu wa mzee huyo, Anders Ekdahl, ndiye mkimbiaji bora kuliko wote katika miji hii miwili. Milo alipomwona akikimbia siku ya kwanza, alirudi nyumbani akashindwa kula.

"Nikamuuliza, unaumwa?" anasimulia Arlys, ambaye hupika katika jiko la shule. "Akaniambia, Arlys, safari hii tutashinda mechi. Nikajua kweli anaumwa."

Ikaja siku ya kujaribu mbinu uwanjani, watu wa miji yote miwili wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja.

Milo ana utaratibu wake. Mbinu zake hazina namba kama za makocha wengine, zina majina ya mahali. Kwa Zeleny maana yake wote mnakimbilia kushoto, kwa sababu ukitoka shuleni Vlasta kwenda barabara kuu, banda la Zeleny liko kushoto. Makaburini ni kulia. Kwa Padri ni katikati, moja kwa moja. Watoto wa Vlasta wamekua na majina hayo, hawafundishwi. Wapinzani wakisikia wanabaki kushangaa. Wale sita wa Lindholm aliwaambia tu kwamba jina ni mahali, wakimbilie upande mahali hapo palipo.

Trent Zeleny, mtoto wa banda hilohilo, ndiye hupokea mpira kwanza na kuugawa. Akapaza sauti: "Kwa Zeleny!" Akageuka kushoto kumkabidhi Anders mpira. Anders akawa ameshachanja mbuga kulia, peke yake, mikono mitupu. Mpira ukaanguka chini.

Wakarudia. Anders akaenda kulia tena.

"Wewe, kwetu hukujui?" Trent akamkejeli. "Banda jekundu, kubwa hivi! Unalipita kila siku!"

"Nakujua vizuri sana kwenu," Anders akajibu.

"Basi mbona unakwenda makaburini? Una haraka gani?"

Watu wa Vlasta wakacheka mpaka viti vikalia. Na Milo, loo, Milo naye akatia maneno yake. Akamwambia Anders mbele ya watu wote kwamba kama hawezi kutofautisha kushoto na kulia, Lindholm walimpaje leseni ya kuendesha gari. Mara ya tatu, kulia tena. Baadhi ya watu wakaanza kunong'ona kwamba kijana anafanya makusudi, ametumwa na babu yake.

Anders akavua kofia ngumu, akaiweka chini polepole, akaondoka. Kesho yake hakuja. Wala wale wengine watano wa Lindholm hawakuja.

Milo akabaki na saba wake, na saba si timu.

"Niliumia," anasema sasa, akitazama mikono yake iliyojaa alama za cheche. "Sikuumia kwa ajili ya mechi peke yake. Hii kazi ndiyo inayonifanya nijulikane na watoto wa watu. Mtoto anaoa, ananialika. Timu ikifa, nani atanialika? Mashine ya kuchomelea?"

Siku iliyofuata alimwambia dereva wa basi la shule alale, akachukua basi yeye mwenyewe hadi Lindholm. Akaegesha kituoni, chini ya ghala la nafaka, akafungua mlango. Akasubiri mpaka kukapambazuka. Mbwa mmoja alikuja, akanusa ngazi, akaenda zake. Milo akafunga mlango, akageuza basi tupu kurudi kwao.

Miaka yake yote alikuwa akienda Lindholm kwa nadra, na akirudi ni usiku baada ya mechi, kichwani hasira au furaha, macho hayaoni kitu. Asubuhi hiyo jua lilikuwa limechomoza vizuri. Mbele yake, juu ya mahindi, likatokea banda jekundu la Zeleny.

Lilikuwa kulia.

"Nikakanyaga breki katikati ya barabara," anasema Milo. "Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya basi: Milo, wewe ni punguani."

Kwa mtoto wa Lindholm anayekuja Vlasta kila asubuhi, akitokea upande wa pili wa barabara hiyohiyo, kwa Zeleny ni kulia. Kumekuwa kulia siku zote. Anders hakukosea hata mara moja, na alichekwa na mji mzima kwa kusema kweli.

Milo akageuza basi. Si kazi ndogo kugeuza basi la shule kwenye barabara ile, na nyasi za Zeleny zina alama za matairi mpaka leo. Akarudi Lindholm, akaingia na basi lake hadi uani kwa Verner Ekdahl. Mzee alikuwa barazani, miguuni soksi tu.

"Umepotea?" Verner akamuuliza.

"Nilipotea, bwana Ekdahl. Namtafuta mjukuu wako."

Anders akatokea mlangoni, kipande cha mkate mdomoni. Milo akavua kofia yake.

"Kwa Zeleny ni kulia," akasema. "Nimetoka kupaona sasa hivi. Ulikuwa sawa, mimi nikakuaibisha mbele za watu. Nisamehe, mwanangu."

Anders akatafuna, akameza. "Nilidhani unanifanyia mzaha, Kocha. Kila mara nakwenda kwa Zeleny, unanigombeza."

Hapo Verner akainua mkono. "Ngoja kwanza. Yale majina mliyokuwa mnapiga makelele uwanjani, miaka yote hiyo, ni nyumba za watu?"

"Ni nyumba za watu."

"Tulikuwa tunakesha kuyachambua!" Mzee akagonga goti. "Tulifikiri ni Kicheki, lugha ya mababu zenu!"

Siku hiyohiyo jioni wavulana wote kumi na watatu walikaa chini karakanani, na Milo akawaambia majina yake ya zamani yameisha. Ilimuuma, hafichi. Mengine aliyatunga kabla ya vijana hao kuzaliwa. Kanuni mpya ni rahisi: jina la mahali pa Vlasta, mnakwenda kushoto. Jina la mahali pa Lindholm, mnakwenda kulia. Na ya Lindholm watayachagua wa Lindholm wenyewe.

Aliyesimama kwanza alikuwa Trent. "Sisi hatuyajui ya kwao," akasema, kisha akamtazama Anders. "Tupelekeni basi tukapaone, tusije tukachekwa."

Jumamosi Milo akawapakia wote, akawazungusha Lindholm nzima, wenyeji wakionyesha na wageni wakikariri. Safari ikaishia uani kwa Ekdahl, ambako Arlys alikuwa ameshapeleka sufuria ya nyama na maharage, na mikate ya mdalasini ya kuchovyea. Trent alikula minne. Tangu hapo Milo ndiye anayeendesha basi la alfajiri, na kila akifika penye banda la Zeleny hupiga honi ya kuomba radhi.

Je, msimu utakuwaje? Gazeti letu la wilaya limeipanga timu ya kijivu nafasi ya saba kati ya nane.

"Wa nane ni nani?" Milo aliniuliza. "Tuwapelekee pole."

Mwenyewe haahidi ubingwa. Anders ana miguu, Trent ana mkono, na kuna ndugu wawili wa Lindholm wanene kama matangi ya maji ambao hakuna atakayewasogeza. Lakini benchi halina watu. Wakiumia wachache, hadithi imekwisha. Tumaini lake ni kufika mwisho wa msimu na wote kumi na watatu, na kushinda zaidi ya wanavyodhani wanaoandika magazeti. Hapo alinitazama sana.

Jana jioni, akiwarudisha wavulana, alimkuta Verner amesimama karibu na sanduku lake la barua. Mzee akasogea kwenye dirisha la dereva.

"Nasikia jina langu linatajwa huko uwanjani."

"Kwa Ekdahl. Ndiyo mbinu ya kwanza Ijumaa."

"Inakwenda wapi?"

"Kulia."

"Mtaanza mkielekea kaskazini?"

"Nikipata nafasi ya kuchagua, kaskazini."

Verner akapiga hesabu, akichora hewani kwa kidole. "Basi inaishia upande wa mashariki. Nitakaa mashariki."

Mashariki ndiko wanakokaa wazee wote wa Vlasta, safu nzima, na viti vyao vya kukunja. Milo hakumwambia. Alimtakia usiku mwema, akafunga mlango wa basi, na njiani akapiga simu nyumbani.

"Arlys," akasema, "Ijumaa ongeza kiti kimoja, kiweke karibu na chako."