Kapteri Inayolia Bila Mtu

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa redio hapa Karuba, nikingojea simu yangu. Mama mmoja mwenye duka la vitenge akaweka kapteri yake juu ya kaunta. Ni kale kadude ka mlangoni: mlango ukitikiswa, kanawasha taa na kupiga kelele nyumba nzima.

"Papa, inalia bila muntu, sasa wiki nzima. Watoto hawaamuke tena, hata ikilia."

Fundi aliifungua, akaipangusa vumbi, akabadilisha betri. Akaiacha pale, akainua mikono juu kama mtu aliyekutana na askari njiani. Kimya. Kisha ikalia yenyewe.

Hakuna aliyeigusa. Ndipo tukasikia mshindo wa bomu, mbali, nyuma ya milima.

"Mama, kapteri iko muzima," fundi akasema polepole. "Udongo njo inatikisika. Nipunguze usikivu?"

Mama akaifunika kwa kiganja, kama anayetuliza mtoto.

"Hapana, Papa, iache vile. Mu nyumba yetu, njo peke yake bado inaogopa."

Nami, ewe msomaji, mshindo ulipopita tu, nilikuwa nimemuuliza fundi kama simu yangu iko tayari.