Kiwanja cha Bondeni

Siku ya kugawa viwanja nilishika kofia yangu yenye vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika kijiji kipya cha Ujamaa, upande wa Kwihara, na kwa kuwa nilifika kidato cha nne, uandishi wote wa kijiji uliniangukia mimi. Katibu kata aliegemea Landrova, akisubiri orodha.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu, alihamia pale mama yake akiwa amebebwa kitandani na wanaume wanne. Mama alikuwa amepooza kuanzia kiunoni tangu uzazi wa mwisho. Mume alikwenda Urambo kulima tumbaku, hakurudi. Binti ndiye aliyempikia, akamwosha, akamgeuza kila mara asipate vidonda.

Alinifuata kabla ya kura. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kiwanja cha karibu na shule. Kengele ya saa nne ikilia nikimbie nikamgeuze mama, nirudi darasani."

"Kila mtu atachukua kura. Nikikupa wewe, watasema mwalimu ana watu wake."

Namba aliyoitoa ilikuwa ya bondeni, mstari wa mwisho kabisa. "Huko jirani zako vyura," mtu akasema, watu wakacheka. Binti alinitazama tu.

Bibi mmoja akasogea. "Mwalimu, mimi nimepata hapa mlangoni pa shule. Nisome nini, na meno yenyewe yamebaki mawili? Niandike bondeni, huyu umweke hapa."

"Mwalimu, bado?" katibu kata akauliza.

Nilikuwa nimeshaandika kwa wino. Niliogopa kumpelekea orodha iliyofutwafutwa, na niliogopa kwamba wawili wakibadilishana, kijiji kizima kitataka.

"Kura imekwisha, bibi. Kama ni kubadilishana, tulipiga kura ya nini?"

"Ya kumridhisha mwenye gari," akasema, akaenda kukaa kwenye kiwanja chake.

Na hili lazima niliseme: nyumba yangu haikuingia kwenye kofia. Ilikuwa hatua chache kutoka ofisi ya shule. Hakuna aliyeuliza, nami nikanyamaza.

Masomo yalipoanza, saa nne ikawa saa ya mashaka. Binti alitoka mbio kabla wenzake hawajachukua vikombe vya uji. Mapumziko yalikuwa nusu saa. Nilifungua daftari la mahudhurio na kusikiliza kama hatua zake zinakuja. Mara nyingi aliingia hesabu zikiwa katikati, gauni limemganda mgongoni kwa jasho. Nilimpa adhabu ile ile ya wachelewaji wote, kupalilia shamba la shule baada ya masomo. Yaani nilizidi kumchelewesha kwa mgonjwa wake.

"Mwalimu, nipalilie tuta moja leo, jingine kesho?"

"Yote mawili leo."

Alipalilia yote mawili.

Nilipanda na darasa lile hadi la saba. Siku moja hakuja, wala kesho yake. Wenzake wakasema mama yake amepata vidonda. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikapita, nyingine pia, kwa sababu nilijua nitakachokikuta. Majina ya watahiniwa wa mtihani wa kumaliza la saba yalipotakiwa Tabora, niliyaandika bila la kwake, kwa wino ule ule.

Hapo ndipo nilipokwenda kwao. Kijiji kizima nilikipima kwa kamba, lakini njia ile ya kutoka shuleni hadi bondeni sikuwahi kuipita kwa miguu. Nilitembea haraka, na kwenda tu, bila kurudi, kukamaliza karibu nusu saa.

Binti alikuwa akichemsha maji ya chumvi. Mama alinikaribisha kutoka kitandani kwa Kinyamwezi, kwa upole ulionitesa. Nikaeleza niliyokuja nayo: binti atoke shuleni saa nne, arudi atakapomaliza, adhabu hakuna tena.

"Majina yameshakwenda Tabora?" binti akauliza.

"Yameshakwenda."

Alipima maji kwa kidole.

"Basi nishikie mama hapa begani, mwalimu. Maji yakipoa hayafai."

Nilipiga magoti nikamshika. Alisafisha kidonda kimoja, kisha cha pili, polepole, wala hakunitazama. Mkono wangu ulikufa ganzi, lakini sikuthubutu kuuondoa.