Bugali Uliokula Unga

Siku watu wa mchumba wangu walipokuja kuniangalia nyumbani kwetu Katoyi, nilikuwa na miaka minne ya kufundisha biokemia na kiburi cha miaka ishirini. Walikuja mama yake na wajomba zake watatu kutoka Butembo. Wajomba hao walikuwa na mtihani wao mmoja tu: binti apike bugali peke yake, wao waubonyeze kwa kidole. Ukishika, amepita. Ukilegea, wanarudi kwao wakiwa wameshiba uji na hawana bibi harusi. Nami nilimtaka kijana wao, tena sana.

Nilichanganya unga wa muhogo na wa mtama, huo wa mtama nikiuchota kwenye ndoo chini ya meza. Makala ya jiko yalikuwa yameloa, moto ukajivuta, nami kwa haraka nikatia unga katika maji ya vuguvugu. Mwanzoni ulishika vizuri. Kisha ukaanza kulegea. Nikaongeza unga, ukalegea zaidi. Nikaongeza tena, huku nikimlaani muuza unga wa Majengo ambaye hakuwa na kosa lolote. Nikaonja, na ulikuwa mtamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndoo ile ilikuwa ya kimea cha mama yangu, mtama uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa kwa ajili ya pombe. Ndani ya kimea mna kimeng'enya, ambacho darasani nilikuwa nikikiita mshenga. Kinaukumbatia wanga, kinaupinda kidogo mpaka kiungo kigumu kiwe rahisi kukatika, kinakata, kisha kinatoka kizima na kwenda nyumba ya pili. Kazi ambayo peke yake ingechukua miaka, mshenga anaimaliza chai ikiwa bado ya moto. Wanafunzi wangu waliupenda mfano huo. Sasa mshenga alikuwa ndani ya sufuria yangu, na kila konzi ya unga niliyotia ilikuwa kazi mpya kwake. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Mama mkwe akaingia jikoni bila kubisha hodi. Yeye amepika pombe tangu ujana wake. Akachovya kidole, akalamba, akanitazama.

"Mwalimu, umetupikia bugali ao pombe?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nimekosea ndoo. Nilingoja aende kuwaita wajomba. Badala yake akainama, akapepea makala mpaka yakawa mekundu.

"Acha itokote kwanza, ile kitu ikufe. Kisha utie bunga ya muhogo."

Ukatokota kwa muda mrefu, na moto mkali ukamuua mshenga. Jambo hilo nilikuwa nimelisahihisha kwenye mitihani mara nyingi, na siku niliyolihitaji halikunijia kabisa. Tukaongeza unga wa muhogo, nikasonga, na safari hii bugali ukashika.

Nikaubeba mwenyewe sebuleni, mama mkwe nyuma yangu. Mjomba mkubwa akabonyeza, akamega tonge, akatafuna polepole. Akasema una utamu ambao hajawahi kuuonja Butembo, akataka kujua ni nani aliyenifundisha kupika namna hii. Nikafungua kinywa, lakini mama mkwe akaniwahi, bila hata kupepesa macho:

"Hakuna mutu amemufundisha. Amepika yeye peke yake."

Mjomba akamega tonge la pili. Hapo nikajua nimeolewa, na kwamba aliyenioa kwanza ni mama wa mchumba wangu.